Mguu wa Kulia wa Mzee wa Maharusi

Mkianza kumsifia yule mzee mbele yangu, mimi nahama. Nabeba ndoo yangu na mkasi wa riboni, nakwenda upande wa pili wa gari. Si kwamba mnasema uongo. Kweli kabisa, hapa Songea sijaona dereva wa kumbeba bibi harusi kwa utulivu kama yeye. Mimi ndiye shahidi, kwa sababu ndiye niliyepamba magari aliyoendesha, tangu nilipomaliza darasa la saba nikaambiwa nyumbani kwamba sekondari hakuna. Kinachonihamisha ni namna mnavyomalizia. Mnamalizia kwa kicheko: "Isipokuwa yule mama wa Bombambili, aliyejitupa kwenye bampa apewe kitenge!"

Yule mama ni shangazi yangu. Hakujitupa. Alikanyagwa, na aliyemkanyaga alikuwa na kitufe cha kuzuia jambo lile mahali pa kunyoosha kidole tu, akakidharau. Kisha akaficha ukweli, akauacha mji umcheke mwanamke aliyevunjwa mguu. Shangazi hakutaka kitu kingine kutoka kwake. Alitaka aseme kwa mdomo wake, mbele za watu, ni mguu wa nani ulioteleza siku ile. Basi. Naandika haya nina hasira, na mimi si mtu wa hasira. Wanaonijua wanajua hata msibani inabidi nipigwe kiwiko nisicheke.

Alikozaliwa sikujui, na ukoo wake sina haja ya kuuhesabu. Jina lake pia halitusaidii, maana hakuna anayelitumia. Ni Mzee wa Maharusi. Hata padri akiwa anatafuta nafasi ya kuegesha gari yake siku ya ndoa husema, "Mwambieni Mzee wa Maharusi asogee kidogo." Mimi aliniita Riboni.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, Riboni. Hilo fundo umelifunga la bibi harusi au la mbuzi?"

"La bibi harusi."

"Basi bibi harusi wa leo anapelekwa mnadani. Fungua, funga upya."

Nikifungua, nikifunga, yeye anazunguka gari akiikagua na mikono yake nyuma. Suti yake ilikuwa moja, ya kijivu, imepigwa pasi mpaka mikunjo ya suruali ingeweza kukata mkate. Aliivua akimaliza kazi, hapohapo, akabaki na fulana, akaikunja kwenye mfuko wa nailoni kama mtu anayelaza mtoto. Aliipenda suti ile kupita kiasi. Kumbukeni hilo, maana na suti nayo ina kesi.

Alikuwa na matusi yake ya adabu. Bwana harusi aliyepaka manukato mengi aliambiwa, "Baba, umekuja kuoa au kuua mbu?" Msimamizi aliyekuwa anapiga simu kwa sauti ndani ya gari aliulizwa kama anataka ashushwe akamalizie kikao chake barabarani. Lakini kwa bibi harusi alikuwa mtu mwingine. Alimtazama kwenye kioo cha kati, akasema polepole, "Mwanangu, kama ni kulia, lia sasa hivi humu ndani. Kule mbele kuna kamera." Mabinti wakalia, akawasubiri. Nimeona wengi wakishuka kwenye gari anayoendesha wamefuta macho, wana nguvu, kwa sababu mzee mmoja aliwaruhusu walie kwa raha.

Na alivyoendesha, jamani. Alikuwa hatumii macho tu, alitumia masikio. Alisikiliza hereni. Alisema hereni za bibi harusi zikilia, dereva amekosea breki. "Bibi harusi si gunia la mahindi. Hereni zisilie." Ndiyo ilikuwa elimu yake yote. Na kweli, nimekaa kiti cha mbele na boksi langu la pini mara nyingi, tukapita matuta, tukapita mashimo ya mvua, tukasimama, tukaondoka, sikusikia hereni. Alipenda kusema kwamba dereva wa harusi ukiona watu wanamtazama yeye, ujue ameharibu.

Sasa nifike kwenye ujinga wetu. Nasema wetu, maana haukuwa wake peke yake.

Kuna watu hapa wanaoshika imani kwamba gari ya bibi harusi haizimwi njiani. Haizimwi, haitiwi kwenye P, gia ile ya kuegeshea, na wala haivutwi handibreki, mpaka bibi harusi ashuke mahali anapokwenda. Ukiizima umezima ndoa. Ukivuta handibreki umeikwamisha nyumba ya watu kabla haijajengwa. Mzee wa Maharusi, mtu wa kukomunika kila Jumapili, mtu aliyewasema hadharani wanaokwenda kwa waganga, hilo alilishika kuliko Amri za Mungu. Nilimuuliza siku moja limeandikwa wapi. Akasema, "Wewe umeishia darasa la saba, yaliyoandikwa huyajui yote."

Na papo hapo tuna desturi nyingine, hii ni nzuri, naipenda. Bibi harusi hatoki nyumbani kwao hivihivi. Mashangazi wanaizuia gari. Wanatandika vitenge njiani, wanacheza ngoma ya kioda mbele ya bampa, wanakaa chini, wanagoma kabisa mpaka upande wa bwana harusi utoe chochote, fedha au kitenge kipya. Vigelegele, tarumbeta, vumbi, vicheko. Hapo mnaweza kukaa mpaka jua likahama.

Haya, ziunganisheni hizo mbili. Gari ya otomatiki, injini inaunguruma, gia iko D. Kila anayejua gari hizi anajua kwamba kwenye D ukiachia breki gari inatembea yenyewe hata kama hukukanyaga mafuta. Mbele ya bampa kuna akina mama, wengine wamekaa chini kabisa. Na kati ya tairi na akina mama hao hakuna P, hakuna handibreki, hakuna kitu chochote duniani isipokuwa mguu mmoja wa mzee. Nilipokuwa mdogo nilidhani ule ni uhodari. Leo naona ulikuwa wazimu tuliouvalisha riboni.

Na mguu wenyewe ulikuwa mguu gani? Mzee alikuwa na kisukari. Alijua, mkewe alijua, sisi wa pale tunapooshea na kupamba magari tulijua. Chai yake aliitia sukari hadi kijiko kikasimama. Ukimkataza anakujibu, "Ile iko kwenye damu, hii iko kwenye kikombe. Usizichanganye." Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Lakini siku moja alikuwa anatembea pale kwenye maji yanayotiririka, ndala ya mguu wa kulia ikamvuka, na yeye akaendelea kutembea. Hakusimama, hakujikwaa, akaendelea tu na mguu mtupu juu ya kokoto.

"Mzee, ndala!"

Akatazama chini kama mtu anayeonyeshwa mguu wa jirani. "Aa," akasema. "Ilikuwa imelegea."

Haikuwa imelegea. Niliirudisha mimi mwenyewe mguuni kwake, ilimbana. Mguu ndio uliokuwa hauna habari.

Kitufe sasa. Siku moja ilikuja gari nyeupe, tulikuwa hatujaona kitu kama kile. Mwenye gari ni mfanyabiashara wa korosho, mtu wa Tunduru aliyehamia mjini hapa, mpole, anayecheka taratibu. Aliileta tuioshe kwa mara ya kwanza, akamwita Mzee wa Maharusi amkabidhi, kwa sababu alitaka iwe ya harusi siku za Jumamosi. Karibu na gia palikuwa na kitufe kilichoandikwa HOLD. Sisi tuliita holdi.

"Mzee wangu, kaa hapo," akamwambia. "Funga mkanda. Bonyeza hicho. Sasa kanyaga breki mpaka gari isimame kabisa. Umeona hiyo taa ya kijani? Haya, toa mguu."

"Nitoe mguu wapi?"

"Kwenye breki."

"Gari iko D. Mbele kuna ukuta wa mtu."

"Toa mzee wangu, wallahi haiendi popote. Inajishika yenyewe. Ukitaka kuondoka unagusa mafuta, inajiachia."

"Toa wewe."

Tukacheka mpaka mwenye gari akajifuta machozi. Mzee hakutoa mguu. Alishuka akasema amekwisha elewa. Mimi nikaomba nijaribu, kwa sababu mimi ni mtu wa ndoto, na ndoto yangu ni kuwa na gari yangu nyeupe ya harusi, niipambe mwenyewe na niiendeshe mwenyewe. Mzee ndiye aliyenifundisha kuendesha, pale kwenye uwanja wa Ruhuwiko, jioni baada ya kazi, bila kudai kitu. Hilo silifichi hata nikiwa na hasira. Basi nikakaa, nikafunga mkanda, nikabonyeza, nikasimamisha, nikatoa mguu taratibu kama anayetoka chumba alicholala mtoto. Gari haikuusogelea ukuta. Mimi nikaguna tu.

Tangu siku ile kila nilipotumwa na ile gari nilikitumia, na niwaambie, si mapambo kile. Asubuhi kwenye kivuko cha pundamilia, watoto wa shule wanavuka, mmoja anaangusha daftari, anarudi kuokota, wewe umetulia, gari haimnyemelei. Trafiki amenyoosha mkono, amewaita wa upande ule wote mpaka na baiskeli, kifundo chako cha mguu kinapumzika. Foleni ya mafuta, sogea, simama, sogea. Na vilima vyetu hivi! Unasimama katikati ya mlima wa kupandia Bombambili, bodaboda amekuja kujibandika nyuma yako kama muhuri, na wewe unaondoka bila gari kurudi nyuma hata kidogo. Sehemu pekee kinaponisumbua ni uani, ukiwa unaiingiza gari kwenye nafasi finyu unataka iende kwa kutambaa, yenyewe inakamata kila ukigusa breki. Hapo nakizima. Na mwenye gari alinionya kwamba si cha kuachia gari ukashuka kwenda dukani. Ni cha dereva aliyekaa kitini, macho mbele.

Dereva aliyekaa kitini, macho mbele, gari iko D, hawezi kuizima, hawezi kutia P, hawezi kuvuta handibreki. Mnaona? Kana kwamba mtu huko Japani walikoiunda alikuwa na shangazi Songea. Gari haijazimwa. Gia haijaguswa. Hakuna ndoa iliyokwama. Gari imesimama tu, hai, inasubiri, na mguu wa mgonjwa unapumzika. Nilimweleza yote hayo kwa furaha, nikiruka mbele yake kama mwendawazimu.

Akajaribu, nisimsingizie. Alijaribu peke yake, Jumamosi moja kabla ya harusi, nikamkuta ndani ya gari anakisonya.

"Uongo mtupu! Kimelia tii, kikakataa."

"Ulifunga mkanda, Mzee?"

"Mkanda unanikunjia suti."

"Bila mkanda hakishiki. Mwenye gari alisema mbele yetu."

"Kitu cha kushika breki kinauliza habari za mkanda? Hicho ni kitufe au askari?"

"Mzee, funga tu, ujaribu tena."

"Riboni," akasema, na hapo hakuwa anatania, "siku gari itakaponishikia breki, mimi nitakuwa mzigo humu ndani. Nenda kafunge mafundo yako."

Nikaenda nikafunga mafundo yangu. Hiyo ndiyo inayoniunguza mpaka leo. Asingejua, ningemwonea huruma. Aliambiwa na mwenye gari, akaambiwa na mimi, akaona kwa macho yake. Akachagua mikunjo ya koti.

Harusi ya dada yangu ilitoka nyumbani kwetu Bombambili. Uani kwetu kuna kateremko kadogo kuelekea barabarani. Gari ilielekezwa huko, nimeipamba kwa riboni za dhahabu, dada yuko nyuma na msimamizi wake, mimi nimekaa mbele na boksi la pini. Mashangazi wakaizuia. Aliyeongoza ni Shangazi, dada wa baba yetu, kwa sababu kila kioda cha mtaa ule kiliongozwa na yeye. Alikuwa anacheza kwa kurudi nyuma, anatandika kitenge, anainuka, anapiga mabega, anaielekezea gari kidole kwamba leo hupiti. Mimi nilikuwa nimeshika mdomo kwa kicheko.

Wakakaa sana. Upande wa bwana harusi walikuwa wanabisha, wanatoa, wanarudisha, ndiyo utamu wenyewe. Mzee akageuka kidogo kumwambia dada, "Mwanangu, kunywa maji." Gari ikaondoka.

Haikunguruma. Haikushtuka. Ilikwenda tu, polepole, kwa adabu ileile mnayoisifia. Hereni za dada hazikulia.

Wale waliosimama wakaruka pembeni. Shangazi alikuwa ameinama juu ya kitenge. Bampa ikamsukuma akakaa, na tairi ikapanda mguu wake. Mimi nikatazama chini. Kiatu cha mzee kilikuwa kando ya pedali, kimelala ubavu, na yeye bado anamtazama dada kwenye kioo.

"Mguu! Mzee, mguu!"

Akatazama. Akausukuma mguu kwa mkono, jamani, kwa mkono, ukarudi kwenye breki. Gari ikasimama juu ya Shangazi. Wakapiga kelele arudi nyuma, akarudi nyuma, na kule kurudi kulikuwa ni kumkanyaga mara ya pili.

Kabla hata hajapakiwa kupelekwa hospitali, watu wakauliza imekuwaje. Mzee alikuwa ameshuka, suti yake haina mkunjo. Akasema, "Kajirusha mama wa watu. Ni shauri ya kitenge."

Neno moja, la mzee anayeheshimika. Lilifika sokoni kabla Shangazi hajafika wodini. Mimi nilisema nilichoona, nikaambiwa, "We mtoto, lazima umtetee ndugu yako." Dada alikuwa analia, hakuona. Msimamizi alikuwa anamfungulia dada chupa ya maji. Shahidi nikabaki mimi, mpamba magari.

Sasa Shangazi anatembea na fimbo, kisigino hakikanyagi chini. Shambani anafika, analima kwa kukaa. Maumivu anayavumilia, ni mtu wa kazi. Lakini wanawake wenzake hawamwiti tena kwenye harusi. Wanaona aibu, wanasema ana tamaa. Watoto wakimwona na fimbo yake wanaimba, "Bampa! Bampa!" Mtu aliyewafundisha mama zao kucheza.

Mzee alimtuma mshenga. Kwetu mtu mzima akikosa hutanguliza mtu, ni heshima, sikatai. Yule mshenga alikuja na jogoo, akakaa, akakohoa, akasema, "Mzee wa Maharusi anakupa pole kwa kuanguka kwako."

Shangazi akamtazama yule jogoo, kisha mshenga. "Mwambie sikuanguka."

"Mama, yeye anasema yaishe."

"Yataishaje hayajaanza? Rudi na kuku wako. Mguu ulionikanyaga si wa mshenga. Uje wenyewe."

Haukuja. Na mzee akaendelea kubeba maharusi, na mimi nikaendelea kupamba, kwa kuwa riboni ndiyo sahani yangu. Tulisalimiana. Shikamoo, marahaba. Fundo langu hakulisema tena hata likiwa baya. Nami sikukaa tena kiti cha mbele. Kila Jumamosi mashangazi wa watu wakipanga vitenge mbele ya ile gari nyeupe, mimi nahesabu hatua kati yao na bampa.

Mwezi uliopita nikakaa, bila kupenda. Bibi harusi wa Ruhuwiko, shela lake refu mno, msimamizi wake mjamzito, nikaombwa nikae mbele niwe nageuka kulishika. Tulipotoka tu nikaona kitu kwenye kifua cha mzee. Mkanda. Umepita juu ya suti ya kijivu, koti limekunjamana kama gazeti lililofungiwa karanga.

Tulipokaribia lango la kwa bwana harusi, tarumbeta kwenye pikapu mbele yetu, akina mama wa upande ule wakamwagika barabarani, maana nao huizuia gari wadai chao bibi harusi akiingia. Mzee akasimamisha. Mkono wake wa kushoto ukashuka, kidole kikabonyeza. Taa ya kijani ikawaka. Akatoa mguu kwenye breki, akauweka juu ya kapeti. Gari haikwenda popote. Akina mama wakawa wanacheza sentimita chache kutoka kwenye bampa, na hakuna aliyekuwa hatarini.

"Umeanza lini?" nikamuuliza.

"Kucheza huko mbele kumenoga," akasema.

"Mzee, nimekuuliza. Umeanza lini?"

"Siku nyingi."

"Tangu lini?"

Akanyoosha mkanda kifuani. "Tangu yule mama."

Hapo ndipo hasira yangu yote iliponikuta vizuri. Nilikuwa nadhani hajui. Nilikuwa, usiku mwingine, najaribu kumtetea moyoni, nasema labda mguu usio na habari hauwezi kumpa habari mwenyewe. Kumbe alijua. Alijua juma lileile. Alifunga mkanda, akaikunja suti yake, akawalinda mashangazi wa watu wote wa Songea, na wangu akamwacha anaimbiwa bampa.

Mama mmoja mwenye kilemba cha njano, mcheshi, mnene, alikuwa amekaa chini kabisa mbele ya gari. Mwenzake akamvuta mkono, akipiga kelele kuishinda tarumbeta, "Inuka wewe! Usije ukajitupa kama yule wa Bombambili!" Yule wa kilemba akajiangusha chali kwa mzaha, miguu juu. Wakafa kwa kicheko wote.

"Waambie," nikamwambia mzee.

"Riboni, kuna bibi harusi nyuma."

"Na asikie. Wewe waambie, au nashuka nawaambia mimi, na leo sitaambiwa namtetea ndugu. Nitawaita waje waone mguu wako uko wapi."

"Babu," yule bibi harusi akauliza kwa sauti ndogo, "kuna nini?"

Mzee akamtazama kwenye kioo. Nilidhani atamwambia alie. Akashusha kioo cha dirisha. Akina mama wakadhani anatoa zawadi, wakamkimbilia na viganja wazi.

"Yule mama wa Bombambili," akasema, akatoa kichwa nje, akaanza upya. "Yule mama hakujitupa. Mguu wangu umekufa ganzi. Uliponyoka kwenye breki sikujua. Nilimkanyaga mimi."

Wakabaki na viganja vyao wazi. Tarumbeta ilikuwa inaendelea, wapigaji hawana habari. Kisha yule wa kilemba cha njano akaruka nyuma kama aliyeona nyoka.

"Mguu umekufa ganzi, na sisi tumelala mbele ya gari yako!"

"Leo hauko kwenye breki," mzee akasema. "Tazama. Uko chini. Gari imejishika yenyewe."

Wakasogea mmoja mmoja, wakachungulia ndani, wakauona mguu umekaa kwenye kapeti na kiatu chake kilichong'arishwa, na gari inaunguruma, haiendi. Hakuna aliyecheka. Mmoja akasema, "Na sisi tulimwita mwenye tamaa." Wakaanza kukusanya vitenge vyao bila kudai kitu, jambo ambalo sijawahi kuliona kwenye harusi yoyote.

Mzee akapandisha kioo.

"Nitakwenda nimwambie mwenyewe," akasema.

"Lini?"

"Bombambili ni mbali kwa mguu huu, Riboni."

"Na kwa mguu wake?"

Akagusa mafuta kidogo, taa ya kijani ikazimika, tukaondoka taratibu. Nikageuka kulishika shela, na kupitia kioo cha nyuma nikamwona yule mama wa kilemba cha njano amebaki katikati ya barabara, kitenge begani, simu sikioni, anapaza sauti kuishinda tarumbeta:

"Hakujitupa! Nakwambia hakujitupa! Kasema mwenyewe!"